Kuhamisha Watu na Kuhifadhi Moyo wa Kazi

Mwezi wa Julai mwaka 2019 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Marekani, ambayo kinyume cha wizara zetu zenye jina hilo haishughuliki na polisi wala magereza bali na ardhi, mito na mbuga za taifa, ilitangaza kwamba makao makuu ya idara yake ya kusimamia ardhi ya umma yataondolewa Washington na kupelekwa Grand Junction, mji mdogo ulioko magharibi ya Colorado. Hoja iliyotolewa haikukosa insafu: ardhi yenyewe karibu yote iko magharibi ya nchi, na mwenye kuitawala afaa kuishi karibu nayo. Nafasi za kazi 328 ziliamriwa zihamie majimbo ya magharibi. Hesabu ilipotolewa Januari 2021 ilidhihirika kwamba watumishi 287 walikuwa wamestaafu au wamejipatia kazi kwingine, 41 ndio waliokubali kuhama, na katika hao waliofika Grand Junction penyewe walikuwa watatu. Kabla mwaka huo haujaisha waziri mpya alitangaza kwamba makao makuu yatarejea Washington.

Msomaji anayeishi katika viunga vya mji huu wa Washington, Silver Spring au Hyattsville, Alexandria au Woodbridge, na anayekula mshahara wa serikali, au wa mkandarasi wa serikali, au wa benki ya kimataifa, au wa nyumba ya kutunzia wazee, hana haja ya kuambiwa kwamba kazi hapa huhama, hugeuzwa jina, huunganishwa na kutenganishwa, kwani amekwisha kuyaona hayo kwa macho yake au ameyasikia mezani kwa jirani yake. Mimi sina muradi wa kuhukumu siasa za nchi ya watu. Muradi wangu ni kutazama ni kitu gani kinachovunjika mtu anapotolewa penye kazi yake na kuwekwa pengine, ni kipi kinachosalia, na mwenye kuongoza na mwenye kuongozwa waweza kufanya nini ili kisichopaswa kuvunjika kisivunjike. Rai yangu nitaisema mapema, asije msomaji akaingojea mpaka mwisho: watu huhamishika, tena mara nyingi kwa manufaa yao wenyewe, ila sharti pawe na kitu kilichoachwa makusudi bila kuhamishwa, na palipohamishwa vyote kwa pamoja, moyo wa kazi ndio wa kwanza kuondoka, ingawa miili ya watu huweza kubaki vitini kwa miaka.

Tazama jambo la Kansas City. Mwaka huohuo wa 2019 Wizara ya Kilimo iliziondoa Washington taasisi zake mbili, moja ya utafiti wa uchumi wa kilimo na nyingine ya kugawa fedha za utafiti kwa vyuo, ikazipeleka katika mji huo ulioko katikati ya nchi. Wengi wa watumishi walikataa kufuata. Ofisi ya ukaguzi inayolitumikia Bunge ilipochunguza na kutoa taarifa yake Desemba 2022, ilikuta kwamba kufikia mwaka 2021 idadi ya watumishi ilikuwa imerudi karibu na ilivyokuwa zamani, lakini wengi wao walikuwa wageni wa kazi. Na katika kipindi cha pengo ripoti muhimu za utafiti zilipungua, na ugawaji wa fedha ukachukua muda mrefu zaidi. Hapo pana somo ambalo wakuu wengi hulipita bila kuliona, kwa kuwa jedwali la ajira lina safu ya idadi na halina safu ya maarifa. Mtafiti mwenye miaka ishirini katika hesabu za bei za maziwa akiondoka, na kijana hodari akaajiriwa mahali pake, jedwali husema hakuna kilichopungua. Kijana naye hufanya bidii, hana kosa lolote, ila hajui ni takwimu zipi za miaka ya nyuma zilizokusanywa vibaya, wala hamjui yule mtu wa jimboni anayepokea simu na kusema kweli.

Wanazuoni wawili wa Kanada, John Meyer na Natalie Allen, waliandika mwaka 1991 kwamba kifungo kinachomshika mtu na mahali pake pa kazi si kimoja bali ni vitatu. Kipo kifungo cha mapenzi, mtu akibaki kwa kuwa anataka. Kipo cha hesabu, akibaki kwa kuwa kuondoka kutamgharimu. Na kipo cha deni la murua, akibaki kwa kuwa anaona si uungwana kuondoka. Mgawanyo huo umetumiwa sana na wenye kupima mambo ya kazi, nami naona unafaa kuliko maneno mengi ya mikutano, maana humfundisha mkuu kwamba watumishi mia waliobaki baada ya mageuzi huenda wasiwe watumishi mia aliokuwa nao kabla yake. Mageuzi yafanywayo kwa ghafula na bila heshima hukata kifungo cha kwanza siku ileile, hukidhoofisha cha tatu baada ya muda, na hukiacha cha pili kikiwa kizima, hasa katika eneo kama hili ambamo mkopo wa nyumba hulipwa kwa miaka thelathini na pensheni ya serikali huongezeka kwa kila mwaka wa utumishi. Mtu wa namna hiyo hufika saa yake, hujibu barua zake, hufanya alichoandikiwa, wala hafanyi zaidi. Mkuu akiuliza ni wangapi walioacha kazi ataambiwa ni wachache, naye atafurahi.

Nadhani hakuna mahali ambapo jambo hili laonekana wazi kuliko katika kazi wanayoifanya ndugu zetu wengi katika Maryland na Virginia, nayo ni kazi ya kutunza wazee katika nyumba za matunzo. Humo pana mjadala wa siku nyingi: je, msaidizi wa muuguzi apewe wazee walewale kila zamu, au azungushwe, wiki hii ukumbi huu na wiki ijayo ukumbi ule? Wenye kupenda mzunguko wana hoja zao, na si za kupuuzwa. Wapo wazee wazito wa kuinuliwa, wapo wenye maneno makali, wapo ambao familia zao hupiga simu kila saa, na si haki mtu mmoja kuwabeba hao daima ilhali mwenzake ana wazee wapole wanaojilisha wenyewe. Tena yasemwa kwamba aliyezungushwa huijua nyumba nzima, hata siku mwenzake akiugua pengo lake huzibwa bila taabu. Wenye kupenda wazee walewale husema kwamba mzee aliyepotewa na kumbukumbu hutulia kwa uso anaoufahamu, na kwamba msaidizi aliyemwogesha mtu kila siku kwa miezi ndiye atakayegundua kwamba leo hakumaliza uji wake, au kwamba mguu umevimba kidogo kuliko jana, mambo ambayo hayaandikiki katika daftari la zamu mpaka yamekwisha kuwa makubwa. Katika miongo ya karibuni wenye kutetea mageuzi ya nyumba hizo wamekuwa upande huu wa pili, nami niko pamoja nao, kwa sababu moja zaidi ambayo naona haisemwi vya kutosha: kwamba hata msaidizi mwenyewe hupata katika kumjua mzee yule kitu ambacho mshahara wake mdogo hauwezi kumpa. Mwondolee hicho na utakuwa umemwachia mgongo unaouma na hundi ya kila wiki mbili.

Hii haina maana kwamba udhia wa yule mzee mzito uachwe palepale. Msimamizi mwenye busara huwaita wasaidizi wa ukumbi mmoja, huwaweka mbele majina ya wazee, na huwaacha wagawane wenyewe, mzito kwa mpole, kisha hupitia mgawanyo ule kila baada ya miezi kadhaa. Na anapotaka watu waijue nyumba nzima huwafundisha kumbi mbili tatu, si zote, ili kila mmoja awe na mahali pake na pa kuazimwa. Muuguzi wa hospitali aliyezoea wodi moja na kuambiwa mwanzoni mwa zamu aende kusaidia wodi nyingine aijua tofauti ya kuazimwa mahali anapopafahamu na kuazimwa mahali asipojua hata dawa zinawekwa kabati lipi.

Sasa na tutazame upande ambapo mzunguko umefaulu, asije mtu akadhani nauchukia. Utumishi wa kidiplomasia wa Marekani, uliopewa umbo lake na sheria ya mwaka 1924, umejengwa juu ya uhamisho: afisa hukaa kituoni miaka miwili au mitatu, kisha huhama, leo Nairobi, kesho Lima, baadaye dawati la Washington. Sababu ni mbili kubwa, ya kwanza ikiwa kwamba mtu akikaa sana ughaibuni huanza kuiona dunia kwa macho ya wenyeji na kusahau aliyemtuma, na ya pili kwamba taabu na raha za vituo zigawanywe. Watu hawa huhama maisha yao yote na wengi wao hawapungukiwi na moyo wa kazi. Kwa nini basi afisa wa Lima asiumizwe na kile kilichomuumiza mtafiti wa Kansas City?

Kwanza, aliingia akijua. Pili, hupelekewa orodha ya nafasi zitakazokuwa wazi, naye huandika zile azitakazo na kuziombea, na ingawa hapati daima alichotaka, amesikilizwa. Tatu, siku ya kuondoka huijua mapema, hata mke au mume na watoto huipanga. Na la nne, ambalo kwangu ndilo kuu: ndani ya ubalozi wamo watu wasiohama. Katika ubalozi wa Dar es Salaam au wa Nairobi wapo Watanzania na Wakenya walioajiriwa papo hapo, wenye miaka kumi, ishirini na zaidi, wanaojua faili la mradi fulani liko wapi, ni katibu gani wa wizara hapendi kuandikiwa bila kwanza kupigiwa simu, na kwa nini makubaliano ya mwaka fulani yalivunjika. Mabalozi huja na kuondoka kama manahodha wa jahazi la kukodi, na serahangi anayelijua ubao kwa ubao ni yuleyule. Mzunguko wa Wamarekani wale umewezekana kwa sababu ya ukaazi wa wenyeji hao, jambo ambalo, nasema kwa majonzi kidogo, halijapata daima kulipwa kwa kadiri ya thamani yake. Anayeiga mzunguko wa kidiplomasia ofisini mwake bila kujiuliza serahangi wake ni nani ameiga nusu ya jambo.

Jeshi la Marekani nalo lina darasa lake. Hadi miaka ya 1980 afisa aliyepelekwa kutumikia katika makao yanayounganisha majeshi ya nchi kavu, bahari na anga alijiona amesahauliwa, kwa sababu wapandishaji vyeo walikuwa katika jeshi lake mwenyewe na wao hawakumwona. Sheria ya Goldwater na Nichols ya mwaka 1986 haikuwahubiria maafisa faida za ushirikiano. Iliweka tu sharti kwamba anayetaka kuwa jenerali au admirali awe amekwisha kutumikia katika nafasi ya namna hiyo. Nafasi zilizokimbiwa zikaanza kugombewa. Rais Obama, kwa amri ya Desemba 2015, alijaribu jambo la jinsi hiyo kwa watumishi wa kiraia wa ngazi ya juu, akaweka shabaha kwamba asilimia 15 yao wazungushwe kila mwaka kwa muda usiopungua siku 120. Darasa lenyewe ni hili: watu huitafsiri barua ya uhamisho kwa kutazama waliohamishwa kabla yao walifika wapi, na maneno mazuri ya barua hayawezi kuibadili tafsiri hiyo.

Kwetu Afrika Mashariki tafsiri hiyo ni kongwe. Tangu enzi za madisii na makarani wa boma, mtumishi aliyemkosea mkubwa alipelekwa wilaya ya mbali, na mpaka leo mtu akisikia kwamba fulani amehamishwa huuliza kwanza amefanya nini. Kwa hiyo mzunguko wa kazi ukipelekwa katika ofisi zenye kumbukumbu hiyo, au kwa watumishi waliokulia katika kumbukumbu hiyo hata kama ofisi yao iko Bethesda, mkuu hana budi kuanza kwa kuondoa dhana ya adhabu, na njia iliyo fasaha ni kuanza na wale ambao kila mtu anajua kuwa ni wapendwa wake. Kenya ilijaribu jambo kubwa la namna hii kwa walimu, pale Tume ya Kuwaajiri Walimu ilipowahamisha walimu wakuu na wengineo nje ya kaunti zao za nyumbani, hasa kuanzia mwaka 2018. Muradi wa kuwafanya walimu watumishi wa taifa zima haukuwa mbaya. Lakini mwalimu ana shamba, ana mzazi mgonjwa, ana mwenzi mwenye kazi yake, na hayo hayakuwa na safu katika jedwali. Malalamiko juu ya familia zilizotengana yalidumu mpaka sera yenyewe ikalegezwa na walimu wengi kuruhusiwa kurudi.

Nimesema sana juu ya mzunguko. Nisemapo juu ya muundo mpya wa taasisi nzima nitakuwa mwenye shaka zaidi, kwa kuwa hapo huhamishwa kila kitu, na serahangi pia. Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani iliundwa kwa sheria ya Novemba 2002 kwa kuziunganisha taasisi 22 zenye watumishi takriban 180,000, ambao Machi 2003 waliamka wakiwa na jina jipya, nembo mpya na mkubwa mpya, na mazoea yao ya zamani. Kwa miaka mingi baadaye wizara hiyo ilishika mkia miongoni mwa wizara kubwa kila watumishi wa serikali walipoulizwa kama wanaridhika na kazi yao. Idara ya maafa iliyokuwa ikisimama peke yake na kusema na rais moja kwa moja ikawa chumba kimoja katika jumba hilo, wazoefu wake kadhaa wakaondoka, na tufani ya Katrina ilipopiga Agosti 2005 uchunguzi uliofuata ulitaja upungufu huo wa watu wazoefu kuwa moja ya sababu za aibu iliyotokea.

Benki ya Dunia, iliyoko hatua chache kutoka Ikulu ya Marekani, ambamo Waafrika Mashariki si wachache, imepitia mageuzi ya aina hii mara kadhaa. Mwaka 1987, chini ya Barber Conable, watumishi walilazimika kuchaguliwa upya kana kwamba ndiyo kwanza wanaomba kazi. Mwaka 2014, chini ya Jim Yong Kim, kazi zikapangwa upya katika makundi 14 ya kitaaluma, sambamba na mpango wa kupunguza gharama kwa dola milioni 400, na watumishi wakalalamika hadharani. Taasisi inayogeuzwa mara kwa mara huzaa hekima ya aina yake kwa wakaazi wake: hujifunza kuinamisha kichwa na kungoja. Mstari wa mkuu hubadilika juu ya karatasi, na chini yake watu huendelea kupigiana simu kwa njia za zamani, kwa kuwa wanajua kwamba mkuu huyu naye ana muhula. Tanzania tulionjeshwa jambo hilo kwa Madaraka Mikoani ya mwaka 1972, yaliyofuta halmashauri za wilaya na kusambaza wataalamu mikoani kwa nia njema ya kuisogeza serikali kwa wananchi, kisha sheria za mwaka 1982 zikazirudisha halmashauri zilezile, ambazo zilianza tena kazi mwaka 1984 zikiwa hazina makarani wake wala mazoea yake ya kukusanya kodi.

Huenda msomaji akasema kwamba lililo jema ni kuwaachia watu waondoke kwa hiari yao, wakipewa kiinua mgongo kizuri, ili asilazimishwe mtu. Marekani imefanya hivyo mara mbili kwa mapana. Sheria ya mwaka 1994 iliruhusu malipo ya hadi dola 25,000 kwa watakaoondoka, ikakusudia kupunguza nafasi 272,900. Na Januari 2025 barua pepe iliwaalika watumishi wa serikali kujiuzulu na kuendelea kulipwa kwa miezi kadhaa, nao takriban 75,000 walikubali katika mkupuo wa kwanza. Hiari ni bora kuliko kulazimisha, hilo sina mjadala nalo. Lakini hiari hiyo huwachagua wanaoondoka kwa kipimo ambacho mwajiri hakukiweka: wanaotangulia ni wale wenye pa kwenda, na wenye pa kwenda aghalabu ndio wenye ustadi. Baada ya upunguzaji wa miaka ya 1990, mwaka 2001 ofisi ileile ya ukaguzi inayolitumikia Bunge iliandika usimamizi wa rasilimali watu katika orodha yake ya mambo ya hatari kubwa serikalini. Na kwa wasemao Kiswahili mwaka 2025 ulikuwa na uchungu wa karibu zaidi, pale Machi 15 watumishi takriban 1,300 wa Sauti ya Amerika, iliyotangaza tangu mwaka 1942, walipopewa likizo ya lazima siku moja baada ya amri ya rais, na idhaa ya Kiswahili iliyozoewa na mababu zetu ikanyamaza pamoja na nyingine.

Mwenye kuongoza, basi, na afanye nini? Kabla ya kuchora muundo mpya, na aandike kwa mkono wake majina ya watu watano au sita ambao wakikosekana kazi itasimama, maana mara nyingi hao hawana vyeo vikubwa, na mchoro wa muundo hauwaonyeshi. Kisha ahakikishe kwamba angalau nusu yao hawahamishwi katika mwaka wa kwanza. Na aseme mapema lile analolijua na akiri lile ambalo bado halijaamuliwa, akitaja tarehe ambayo litaamuliwa, kwani wafanyakazi hustahimili habari mbaya kuliko ukimya, na ukimya wa ofisi hujazwa na uvumi kabla ya saa ya chakula. Makabidhiano yapewe wiki, si alasiri: anayeondoka na anayeingia wakae pamoja, waende pamoja kwa wateja, na taarifa ya makabidhiano itaje hata mambo yasiyopendeza, deni lisilolipwa, ahadi iliyotolewa kwa mdomo. Fauka ya hayo, anayeingia katika kazi mpya asipimwe kwa kipimo cha mzoefu katika miezi ya kwanza. Hakuna jambo linalomvunja moyo mtu aliyekuwa bingwa jana kuliko kuandikiwa leo kwamba ni wa wastani katika kazi ambayo hakuiomba.

Waliobaki baada ya wenzao kupunguzwa wanataka uangalifu wa pekee, nao ndio wasahauliwao. Wamerithi mafaili ya waliokwenda, na wengi wao huona haya kwa kusalimika, tena huogopa kwamba zamu yao inakuja. Mkuu akiwaambia washukuru kwamba wana kazi amewapoteza. Lililo la lazima ni kukaa nao na kutaja kwa majina kazi zitakazoachwa zisifanywe, kwani kazi ya watu kumi haiwezi kufanywa na sita kwa kuwa tu wanne wameondolewa kwenye orodha ya mishahara. Na mkuu asiyethubutu kutaja kitakachoachwa huwaachia wadogo wake waamue wenyewe kwa siri, kila mtu akiacha lile linalomchosha.

Kwa mwenye kuongozwa ushauri wangu una mambo ya karatasi mengi kuliko ya moyo. Ukiwa mtumishi wa serikali ya Marekani, weka nyumbani nakala za fomu zako zote za SF-50, zile zinazoandikwa kila unapoajiriwa, unapopandishwa au unapohamishwa, pamoja na tathmini zako za kila mwaka, kwa kuwa kwa kanuni zilizotumika kwa miongo mingi mpangilio wa nani abaki na nani aondoke hutazama aina ya ajira yako, utumishi wa jeshini kama unao, miaka yako kazini na alama za tathmini hizo. Na waliofungiwa kompyuta za ofisi kwa ghafula wamekuta kwamba kumbukumbu zao zimebaki ndani. Ilani ya kupunguzwa kwa kawaida ni ya siku 60, na kampuni binafsi zenye wafanyakazi 100 au zaidi nazo zafungwa na sheria ya mwaka 1988 kutoa ilani ya muda huohuo kabla ya kupunguza watu wengi kwa mkupuo. Mwenye viza ya kazi ya H-1B na awe na hadhari zaidi: kazi ikikoma ana muda usiozidi siku 60 wa kujipanga, na akihamishiwa nje ya eneo la jiji ambalo ombi lake lilifanyiwa, mwajiri hana budi kurekebisha ombi hilo kabla hajaanza kazi kule. Kutoka Bethesda kwenda Arlington hakuna neno. Kwenda Kansas City ni jambo la mwanasheria.

Uhamisho ukikujia pasipo kuutaka, ulizia mambo matatu kabla ya kujibu: ni wa muda gani, nafasi yako ya kurudi imeandikwa wapi, na nani atakutathmini ukiwa huko. Mkuu mwema hatachukia maswali hayo, na atakayechukia amekupa jibu. Ukishafika penye kazi mpya, katika wiki ya kwanza watafute waliodumu hapo, mara nyingi ni karani wa mapokezi, fundi wa mitambo au yule mama wa hesabu, na waulize mtangulizi wako alikuwa anafanya nini ambacho hakikuandikwa. Na ikiwa anayehama si wewe bali ni mkuu wako, nenda kwake mapema umwombe aandike tathmini yako ya miezi iliyopita, hata kama mwaka haujaisha, na aitie sahihi katika faili, kwa maana mkuu ajaye hakuona ulivyoikamilisha kazi ile ngumu ya Februari wala hataweza kuiandika. Akisha kuondoka, ushahidi wake huwa ni fadhila ya kuombwa kwa barua. Kabla hajaondoka ni sehemu ya kazi yake, naye kwa kawaida huitekeleza kwa moyo mkunjufu ikiwa hukumngoja mpaka wiki ya kufunga masanduku.